Moteri mupya inakunywa mafuta: tusikate mushahara wa shofere



Leo tunaandika juu ya jambo moja yenye kuonekana kidogo, lakini imeisha kufukuzisha watu kazi na kuvunja undugu katika familia mingi za kwetu: mafuta ya moteri. Hatusemi mazutu. Tunasema mafuta ile ya vidanje, ile inayolainisha vyuma ndani ya moteri, ile shofere anapimaka asubuhi na fimbo mbele ya kuwasha.

Wengi wanaosoma ukurasa huu wanatumika katika migodi ao walitumika kule. Wote tunajua vile mambo inapita. Mutu anamaliza miaka yake ya kazi, anapata dekonte yake ya mwisho, na kama madeni haikukula yote, kitu cha kwanza anawaza ni gari. Mwenye feza kidogo anatafuta taksi. Mwenye zaidi anatafuta kamioneti. Wengine wanashirikiana, wanatia feza pamoja, wananunua kamio. Sisi pia tulifanya vile. Tuko watu sita, wote tulitoka katika kazi ya mugodi, wane tunakaa Likasi, wawili Kolwezi. Tunaandika haya kwa sababu tulikosea, na kosa letu tunaliona kila siku kwa watu wengine wenye kamio.

Kamio yetu ilikuwa ya zamani, lakini shasi yake ilikuwa nzima. Moteri njo ilikuwa imekufa. Tulinunua moteri mupya, ingali ndani ya sanduku yake ya mbao. Pale tuliponunua walituambia: "Hii ni mupya kabisa. Mutie mafuta, muende." Hakuna mutu aliyetamka neno rodaje mbele yetu, na sisi hatukuuliza.

Shofere wetu wa kwanza alikuwa kijana wa dada ya mumoja wetu. Jina lake hatutaliandika, tulimuharibia jina ya kutosha. Kazi ilikuwa kubeba simenti na unga kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, na kurudi na mizigo ya huku na huku. Kwenda ni kilometa kama 300, kwenda na kurudi kama 600. Nyuma ya safari ya kwanza kijana akakuja na kutuambia: "Wababa, moteri inaomba mafuta. Imepunguka lita mbili."

Tukaangaliana. Lita mbili? Moteri mupya? Kwetu sisi moteri mupya ilikuwa sawa sufuria mupya: haina tundu, haivuji, kitu unatia ndani unakikuta ndani. Tulimupa zile lita mbili, lakini roho haikutulia. Safari ya pili, lita mbili tena. Safari ya tatu, vilevile. Tukatazama chini ya kamio: hakuna tone moja. Mumoja wetu akasema kwa sauti kitu ambacho wote tulikuwa tunawaza: "Mutoto anatuuzisha mafuta."

Lita sita, kwa bei tuliyokuwa tunalipa, ni dola 30. Tulizikata kwenye mushahara wake. Alikataa, akaapa kwa jina ya mama yake. Tulimuambia arudishe funguo. Mama yake, ni kusema dada ya mwenzetu, hakukuja tena kwenye nyumba ya kaka yake. Hata kwenye matanga ya jirani alipita upande mwingine. Yote ile juu ya dola 30.

Tukatafuta shofere wa pili, mutu mukubwa, mwenye miaka mingi kwenye barabara. Kabla ya kuanza, watu wa parking walimuelezea vile mwenzake aliondoka. Yeye hakutuomba mafuta hata siku moja. Safari ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Tulifurahi. Tulisema: "Munaona? Yule mutoto alikuwa mwizi kweli." Safari tano zilipita vile.

Kwenye safari ya tano, akirudi na mizigo, kwenye mulima kabla ya kufika Likasi, taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Akazima moteri palepale, Mungu asifiwe. Alipotoa fimbo ya kupimia, ilikuwa kavu. Kwa kurudisha mafuta kwenye alama ya juu, fundi alitia lita 11. Moteri yetu inachukua lita 24. Ni kusema ilikuwa inatembea na mafuta karibu nusu, na mzigo mzima mgongoni, kwenye mulima.

Tukamuuliza: "Muzee, juu ya nini haukusema?" Akatujibu polepole: "Yule mwenye alisema, mulimukata feza na mukamufukuza. Mimi niko na watoto sita, na mwezi huu minervali haiyalipwa. Nilikuwa nategemea nipate feza yangu mwisho wa mwezi, ninunue mafuta mimi mwenyewe, nitie bila kusema."

Hapo njo tulifahamu kama hatukukata mushahara wa mutu mumoja. Tulikata ulimi wa kila shofere ambaye angekuja nyuma yake. Na kamio yenye shofere wake anaogopa kusema ni kamio inayoelekea kufa. Hii njo neno letu la leo, na mengine yote tutakayoandika hapa ni kulitegemeza.

Fundi alifungua chini ya moteri, akatazama bushi za vilebrekeni. Hazikuwa zimeungua. Tuliponea. Kama ule muzee angeendelea dakika chache tu, tungelipa moteri ingine, na hatukuwa na feza ya moteri ingine. Kisha fundi akakaa chini na sisi sita, akatuelezea kitu ambacho mutu alipashwa kutuelezea siku ya kwanza. Tunakirudilia hapa kwa maneno mepesi.

Ndani ya moteri kuko mapistoni yanayopanda na kushuka ndani ya mashemizi, ile mitungi ya chuma. Kwenye kila pistoni kuko masegma, ni kusema mapete ya chuma yenye kukamata kati ya pistoni na shemizi. Kazi ya masegma ni mbili: kuzuia nguvu ya muako isishuke chini, na kupangusa mafuta kwenye ukuta wa shemizi ili isipande juu na kuungua. Ukuta wa shemizi mupya hauko laini sawa kioo. Kwenye fabrika wanauchora mistari midogo sana yenye kukatana sawa nyuzi za wavu. Mistari ile inashika mafuta kidogo, ili chuma isikule chuma. Lakini siku za kwanza, segma na ukuta havijazoeana. Kuko vilima vidogo vidogo ambavyo jicho haivioni. Mafuta inapita katikati, inapanda juu, inaungua na mazutu, inatoka kwa eshapoma. Ndiyo maana chini ya kamio hatukuona tone.

Kidogo kidogo vile vilima vinasagika, segma inalala muzuri kwenye ukuta wake, na mafuta inaacha kupita. Wakati ule wa kuzoeana njo unaitwa rodaje. Kwa gari ndogo inaweza kuisha upesi. Kwa moteri kubwa ya kamio inaweza kukamata kilometa elfu nyingi, na mafuta inapunguka kila mara kidogo, haiachi siku moja tu.

Bibi ya mumoja wetu alikuwa anasikiliza kwenye mulango. Akacheka, akasema: "Na sisi kinu mupya tunakitendeaka namna gani? Tunatwanga makapi ndani yake kwanza, tunatupa, tunatwanga tena, tunatupa. Hakuna mutu anamupiga mukamwana wake ati unga ya kwanza iko na vumbi ya muti." Wanaume sita, wenye miaka mingi kati ya mashini za mugodi, tulifundishwa na kinu.

Sasa tuongee hesabu, kwa sababu kwa mambo ya feza maneno matupu haitoshi. Mafundi wa moteri kubwa hawapendi kuhesabu mafuta kwa kilometa tu. Wanailinganisha na mazutu iliyoungua, kwa sababu kamio yenye mzigo na kamio tupu hazitumiki sawasawa. Yetu, na mzigo, inakula kama lita 45 za mazutu kwa kilometa 100. Safari moja ya kilometa 600 ni lita 270. Mafuta ya moteri lita mbili juu ya lita 270 ni kama lita 7 kwa kila lita 1000 ya mazutu. Ile ni mingi kwa moteri yenye kuzoea, lakini kwa moteri iliyo katika rodaje haishangazi fundi.

Tulirudisha kamio barabarani, na tangu siku ile tukaanza kuandika katika kaye. Kwenye safari ya kumi tulitia lita moja na nusu. Kwenye safari ya kumi na tano, lita moja. Kwenye safari ya makumi mbili, ni kusema kama kilometa 12.000, nusu lita. Nusu lita juu ya lita 270 ni chini ya lita 2 kwa lita 1000, na pale njo imesimama mpaka leo. Shofere ni yule yule muzee. Barabara ni ile ile. Kitu kilichobadilika ni masegma.

Tunajua kuko wasomaji wenye kusema: "Munatetea wezi. Mashofere wa kuuzisha mafuta wako." Ndiyo, wako. Hatuko watoto. Tunaona vibido pembeni ya barabara, na tunajua vile havikuanguka kutoka mbinguni. Lakini jibu ya mwizi si kukata mushahara wa kila mutu. Jibu ni kupima. Mwenye kupima anaweza kutofautisha magonjwa, na mwenye kukisia anamupiga kila mutu fimbo moja.

Kaye inasema wazi. Kama ni rodaje, namba zinashuka safari kwa safari: mbili, moja na nusu, moja, nusu. Kama mafuta inavuja, utaona alama chini pale kamio ililala, na moteri itakuwa imelowana na kushika vumbi. Kama ni wizi, namba hazina mwendo. Leo kidogo, kesho mingi, kesho kutwa kidogo, na mara mingi ile siku ya mingi inaangukia nyuma ya mahali pamoja pa kulala. Na kama namba hazishuki hata nyuma ya kilometa elfu nyingi, ao zilikuwa zimeshuka na zinaanza kupanda, pale moteri iko mugonjwa, na ni lazima fundi aangalie.

Na magonjwa yenyewe, mara mingi ni sisi wenyewe tunaipa moteri. Tutaje tatu ambazo tunaona sana huku kwetu.

Ya kwanza ni kuitunza moteri mupya sawa mugonjwa wa hospitali. Watu wanasema: "Iko katika rodaje, uende tupu, uende polepole." Ni kosa. Segma inasukumwa kwenye ukuta na nguvu ya muako nyuma yake. Bila mzigo, ile nguvu ni kidogo, segma haikazi, na mafuta inakauka kwenye ukuta na kuufanya uteleze sawa kioo. Ukifika pale, rodaje haitaisha tena, moteri itakunywa mafuta maisha yake yote, mpaka uifungue. Moteri mupya inaomba mzigo wa kadiri, mwendo wa kubadilika, vitese vya kubadilishwa kwa wakati. Haiombi mzigo wa kupita kipimo, na haiombi kuburutwa mulimani kwa vitese vikubwa mpaka inatetemeka. Yote mbili inaiumiza. Kazi ya kawaida, iliyofanywa na akili, njo dawa yake.

Ya pili ni kuiacha ikinguruma bule. Wote munajua foleni za Kasumbalesa, munajua mistari ya makamio mbele ya milango ya migodi, kwenye peaje na kwenye mizani. Moteri inawaka saa mbili, saa tatu, shofere amelala ao anakunywa chai. Moteri ikiwa katika ralanti haina moto wa kutosha na haina nguvu ya kukaza segma. Ni sawa na ile ya kwenda tupu, na mbaya zaidi. Kama unasimama zaidi ya dakika chache, zima. Kama ulikuwa umepanda mulima na turbo iko na moto, iache dakika mbili ao tatu itulie, kisha zima. Na sisi wenye makamio tusiwalaumu mashofere peke yao. Mara ingine ni sisi tuliwapigia simu ati "usizime, utawaka wapi kama batri inakufa?" Tununue batri. Bei yake haifiki bei ya moteri.

Ya tatu ni vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, njia za migodi zinatoa vumbi nyekundu mpaka haumuoni mwenye kukutangulia. Filtere ya hewa iliyopasuka, ao kole moja yenye kulegea kwenye muripi unaotoka filtere kwenda turbo, inatosha. Ile vumbi ni muchanga, inaingia katika shemizi na kula segma mupya kabla haijazoea. Moteri ya mwaka inaweza kuzeeka katika wiki chache. Kila asubuhi, wakati konvuayeri anapangusa viyo, apitishe mukono pia kwenye ule muripi. Kama ndani kuko vumbi, kamio isitoke.

Kuko pia dawa za uongo. Wengine wakiona moteri mupya inakunywa, wananunua chupa za kutia ndani ya mafuta, ati zitaziba. Wengine wanatia mafuta nzito kuliko ile kitabu ya moteri inaomba. Wengine wanatia mafuta kupita alama ya juu ili "ikae muda murefu". Hii ya mwisho ni mbaya kabisa: vilebrekeni inapiga mafuta, inaifanya povu, inaitupa mingi kwenye mashemizi, na moteri inakunywa zaidi. Kati ya alama ya chini na alama ya juu, pale njo nyumba ya mafuta. Tia ile kitabu inasema, fanya vidanje ya kwanza kwa kilometa ile kitabu inasema, na uwe na uvumilivu.

Sasa tunakuja kwa yale tunayoomba. Tunayaomba kwetu wenyewe kwanza, kisha kwa kila mutu mwenye kamio, awe na moja sawa sisi ao awe na makumi tano kwenye mulango wa mugodi.

Kwanza, mafuta ya kuongeza wakati wa rodaje iwe ya mwenye kamio, si ya shofere. Wakati unanunua moteri, hesabu feza ya mafuta ya kilometa 10.000 ya kwanza pamoja na bei yake. Kwa kamio yetu, tangu siku ya kwanza mpaka ilipotulia, ilifika kama lita makumi tatu. Ni dola 150 hivi. Ni feza, hatukatai. Lakini ilikuwa ni sehemu ya bei ya moteri tangu mwanzo, hatukuijua tu, na kwa kutojua kwetu tulimulipisha mutoto wa watu.

Pili, kaye moja ndani ya kamio na ingine kwenye nyumba. Kila asubuhi, kamio ikiwa mahali pa kulingana, moteri imelala baridi, shofere na konvuayeri wapime pamoja. Waandike tarehe, kilometa, alama ya fimbo, na mafuta iliyotiwa. Mwisho wa safari mwenye kamio anapima naye, mbele yao. Wote wanatia sinyatire. Haiombi masomo makubwa: watoto wetu wa darasa la sita wanaweza kuiandika. Na kaye ile inamulinda shofere kwa patro mwenye kuwaza mabaya, na inamulinda patro kwa shofere mwenye mikono mirefu.

Tatu, hakuna kukata mushahara juu ya mafuta bila ushuhuda. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya mwaka wa 2002, inaweka mipaka kwa mambo ya kukata mushahara; haimuachie patro akate vile roho yake inamutuma. Tunajua wengi wetu tunakamatisha mashofere kazi kwa mudomo tu, bila karatasi, na tunafikiri kama sheria haituoni. Lakini hata bila sheria, sisi watu wa mugodi tunapashwa kujua uchungu huu. Nani kati yetu hakulalamika siku moja kwenye dirisha la malipo juu ya feza iliyokatwa bila kuelezewa? Nani hakurudi kwenye nyumba na mufuko mwepesi, bibi anauliza "iko wapi ile ingine?" na wewe hauna jibu? Tulilia juu ya mambo ile miaka mingi. Siku tulipokuwa mapatro, wa kamio moja tu, tulifanya yale yale.

Ine, tunaomba wenye kuuza moteri na wenye kuzitengeneza upya waseme neno rodaje kwa mudomo wao, mbele ya mununuzi, kwa luga anayosikia. Kitabu kiko, ndiyo, lakini mara mingi kimeandikwa kwa luga ambayo hapa hakuna anayesoma, ao kinabaki ndani ya sanduku. Dakika tano za kuelezea zingeokoa moteri mingi, na zingetuokolea sisi jamaa.

Na kwa nyinyi mashofere, ndugu zetu, neno moja: musinyamaze. Hata kama patro anakunja uso. Mafuta ikishuka chini ya alama, simamisha kamio na useme. Muzee wetu alitaka kulinda mushahara wake na akakaribia kupoteza kazi, kamio, na labda maisha yake, kwa sababu moteri ikikamata kwenye mulima na mzigo mgongoni, hakuna anayejua vile itaisha. Na kama unajua kama unauzisha mafuta ya kamio, ujue pia ni nani anayelipa. Mwenzako wa kweli ataomba lita mbili kesho, na hawatamusadiki, juu yako.

Tumalize na yule kijana. Wakati namba za kaye zilianza kushuka, hatukuweza tena kujificha. Wote sita tulienda kwa mama yake, siku ya mungu, nyuma ya misa. Tulibeba zile dola 30, na mushahara wa mwezi mumoja juu yake. Mwenzetu, kaka ya mama yule, hakuweza kuongea. Mukubwa kati yetu njo aliongea: "Mutoto hakuiba. Sisi njo hatukujua." Mama alinyamaza murefu. Kisha akamuita binti yake atuletee maji ya kunawa, na bukari ikatoka.

Kijana alikuwa amepata kazi kwingine, hakurudi kwetu. Feza alipokea. Alituuliza kitu kimoja tu: kama moteri ingali inakunywa. Tukamuambia inapunguka. Akaitika na kichwa, akasema: "Niliwaambia moteri inaomba. Sikusema inaibiwa."

Wenye makamio, nunueni kaye leo. Bei yake ni kidogo sana.